Anayefunga Ziwa Alipe

Mtu aliyekuwa akiingia ziwani mara sita kwa wiki na sasa anaingia mara mbili, ana kazi au hana? Uliza Gitaza, huku Burundi, pale barabara ya taifa namba 3 inapobanwa kati ya mlima na maji ya Ziwa Tanganyika, uone majibu yanavyogongana. Mwenye chombo atakwambia ana kazi, kwani jina lake bado limo katika kikosi. Mwenye duka atakwambia hana, kwani jina hilohilo limejaa kwenye daftari la madeni. Serikali haitakwambia kitu, kwa sababu swali lenyewe halimo katika fomu yake hata moja. Na mimi leo namkoma nyani giladi: kutokuwemo kwa swali hilo si usahaulifu. Kuna watu wanaofaidika nalo likiendelea kutokuwemo.

Tazama mambo yanavyokwenda jioni. Jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Vijana wanane wamekaa ukingoni mwa mtumbwi, taa zimeshachajiwa, wavu umekunjwa. Mwenye chombo anashuka kutoka barabarani na dumu la petroli ambalo halijajaa hata nusu. Hamfukuzi mtu. Anaonyesha kwa kidole: wewe, wewe, na nyinyi wawili, leo; waliobaki, kesho. Hakuna anayegomba. Wanne wanaobaki wanaingia majini hadi magotini, wanawasukuma wenzao, kisha wanapanda barabarani na suruali zilizolowa. Nyumbani mke haulizi umepata nini. Anaona miguu, anajua.

Alfajiri wale wanne waliokwenda watarudi, na kabla hawajagawana chochote, gharama za petroli na chakula zitatolewa kwanza, kisha fungu la mwenye chombo na mwenye wavu. Kinachobaki ndicho chao. Wataalamu wa kazi huko Geneva wameandika kurasa nyingi kuhusu kugawana saa za kazi ili asifukuzwe mtu. Vijana wa Gitaza wanalifanya jambo hilo bila kusoma ukurasa hata mmoja. Tofauti ni kwamba kwa wenzao wa nchi nyingine kuna fuko linaloziba pengo la zile saa zilizopotea. Hapa pengo linazibwa na tumbo la mtoto.

Saa za mvuvi hupunguzwa na mambo matatu, na ni makosa kuyaweka kapu moja. La kwanza ni mwezi. Ukiwa mpevu, taa haivuti ndagala, na vyombo vinakaa nchi kavu siku kadhaa. Hilo ni la Mungu, wazee walilijua, na kila nyumba hujipanga. La pili ni petroli. Anayeishi Burundi miaka hii hahitaji kufundishwa na mwandishi wa makala foleni ya mafuta ikoje, wala bei ya dumu linalouzwa gizani. Hilo ni la wanadamu, ingawa kila ofisi inainyoshea nyingine kidole. La tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu: kufungwa kwa ziwa kwa amri.

Nchi nne zinazolizunguka Tanganyika, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, mwendo mfupi tu kutoka hapa Gitaza. Katika meza hizo ndimo lilimotoka wazo la kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, samaki wazae. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi mitatu! Siyo saa zilizopunguzwa hizo. Ni robo ya mwaka iliyokatwa kwa kalamu. Na kalamu hiyo, iliyojua kuandika tarehe ya kufunga na tarehe ya kufungua, ilishikwa na ganzi ilipofika kwenye mstari wa nani atamlisha mvuvi kati ya tarehe hizo mbili.

Sipingi ziwa kupumzishwa. Nalisema mapema ili asitokee mheshimiwa wa kunisingizia. Ndagala wamepungua, mikeke wamepungua, na nyavu za macho madogo zimefanya uharibifu wake. Lakini tuseme yote basi, tusiseme nusu. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba kupata joto kwa maji ya Tanganyika kumepunguza chakula kinachozaliwa ndani ya ziwa kwa kadiri ya asilimia 20, jambo linaloashiria samaki kupungua kwa kadiri ya asilimia 30. Maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki na ya chini yenye rutuba, na ndagala anakosa cha kula. Joto hilo halikutoka kwenye taa za wavuvi wa Gitaza. Halafu kabla yao, kwa miongo kadhaa kuanzia miaka ya 1950, meli za Wagiriki zilivua kwa nyavu kubwa katika maji haya ya Burundi mpaka biashara yao ikafa yenyewe miaka ya 1990. Hao walipakia faida wakaondoka. Leo bili yote anakabidhiwa kijana mwenye suruali iliyolowa.

Sasa twende kwenye sheria, maana ndiko waheshimiwa wanakojificha.

Burundi ina Taasisi ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, INSS, iliyoanza mwaka wa uhuru, 1962. Inalipa pensheni. Inalipa ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Kwa aliyepoteza kazi hailipi chochote, kwa sababu tawi hilo halijawahi kuundwa. Ukistaafu utapata kitu, ukikatika mkono kazini utapata kitu, lakini ukiambiwa kazi imekwisha, shika njia. Kongo ng'ambo ya maji hali ni hiyohiyo. Ikiwa aliyefukuzwa kabisa hana haki, aliyepunguziwa saa atasimama wapi? Na ukumbuke kwamba mwajiriwa wa kweli, mwenye hati ya mshahara na michango inayokatwa, hupigwa mara mbili: mshahara ukishuka, mchango unashuka nao, na pensheni inakokotolewa kwa mishahara ya miaka ya mwisho. Mzee aliyekubali nusu ya saa ili kijana asifukuzwe atazeeka akilipia wema wake.

Tanzania, niwape haki yao, wamepiga hatua. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 wana fao la kukosa ajira. Anayetimiza masharti, akiwa amechangia si chini ya miezi 18 na hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Najua Watanzania wenyewe walivyolipokea: wengi walitaka fao la kujitoa, wachukue chao chote waondoke. Ugomvi wao tuwaachie. Mimi nataka tufanye hesabu moja tu.

Mfanyakazi wa shilingi 300,000 kwa mwezi amepunguzwa kazini. Analipwa kama laki moja kwa mwezi, miezi sita. Jirani yake, mwenye mshahara uleule, hakupunguzwa. Amekubali saa zake zikatwe zibaki robo ili kiwanda kisifungwe. Anapata 75,000. Kutoka kwenye mfuko anapata nini? Sifuri. Ana kazi, bwana! Jina lake liko getini! Aliyebaki kazini anakula kidogo kuliko aliyefukuzwa. Akichoka akaandika barua ya kuacha, amejifungia mlango kwa mkono wake, maana aliyeacha mwenyewe hana haki. Sheria iliyotungwa kumlinda mfanyakazi inamwambia: afadhali ungefukuzwa. Hiyo ni adhabu kwa kila aliyekubali kugawana alichonacho.

Ni ugumu wa kufikiri tu unaotuzuia, kwani wengine walishalifumbua fumbo hili zamani. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 168, wa mwaka 1988, unasema wazi kwamba nchi zijitahidi kuwafikia hata wanaopoteza kipato kwa sababu saa zao za kawaida zimepunguzwa kwa muda, na wale ambao kazi imesimama kwa muda bila mkataba kuvunjwa. Soma tena sehemu hiyo ya pili: kazi imesimama, mkataba haujavunjwa. Mtu angedhani aliyeiandika alikuwa amekaa juu ya jiwe pale Gitaza mwezi wa Juni. Ujerumani inamlipa aliyepunguziwa saa asilimia 60 ya mshahara halisi aliopoteza, na 67 akiwa na mtoto. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, karibu watu milioni sita walikuwa wanabebwa na mpango huo. Utasema Ujerumani ni tajiri. Sawa, njoo Afrika Kusini: sheria yao ya bima ya ukosefu wa kazi, iliyorekebishwa mwaka 2016, inamtambua mchangiaji ambaye saa zake zimekatwa angali kazini, kipato chake kikishuka chini ya kile ambacho angelipwa kama angekosa kazi kabisa. Ndiyo ile hesabu yetu ya 75,000 na laki moja, imemalizwa kwa kifungu kimoja cha sheria.

Na wavuvi? Hapo nawapeleka Brazil, nikiomba waheshimiwa wasikimbilie kusema ni mbali. Tangu mwaka 1991 Brazil inamlipa mvuvi mdogo bima ya ukosefu wa kazi katika miezi ambayo serikali imefunga uvuvi samaki wazae, na sheria ya mwaka 2003 iliupanga mpango huo upya. Kiasi ni kima cha chini cha mshahara kwa kila mwezi wa kufungwa. Mantiki yake anaielewa hata mtoto: hukuacha kazi, hukufukuzwa, hukuwa mvivu, dola imekuzuia kwa faida ya wote, basi wote wakulipe. Hakuna anayemuuliza barua ya kufukuzwa kazi. Tangazo la kufunga maji ndilo barua yenyewe.

Huku kwetu mvuvi akilia anajibiwa kwa mkopo. Lo! Umemzuia mtu kufanya kazi miezi mitatu, kisha unamkopesha fedha za kula katika miezi hiyo, na siku ya kufungua anaingia majini akiwa na deni. Mkopo si fao. Wala semina ya kufuga samaki si fao. Kizimba cha samaki kinahitaji mtaji, chakula cha samaki na miezi ya kusubiri. Mtoto wa shule hasubiri.

Nawageukia akina mama, na hapa nawashambulia hata wanaoniunga mkono. Kila mpango nilioona ukijadiliwa unamhesabu mwenye leseni na mwenye chombo. Shuka Gitaza asubuhi ndagala wakiwa wametoka. Nani amepiga magoti mbele ya chanja cha waya akiwatandaza, akiwageuza, akimfukuza kunguru, akiangalia wingu la Kongo kama litaleta mvua ya kumharibia? Ni mwanamke ambaye hana leseni, hana namba ya chombo, hana jina katika orodha yoyote ya ofisi yoyote. Ziwa likifungwa, saa zake zinakwenda sifuri siku ileile. Mwenye mitumbwi mitatu atakuwa na akiba. Huyu mtaji wake wote ni ndagala wa jana. Fao litakaloanzia kwenye leseni litamtajirisha mwenye vyombo na kumruka aliyechoka zaidi. Kwa hilo, afadhali lisianze.

Hali ya kuwa na kazi bila saa haiko majini peke yake. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kufadhili ukarabati wa kilomita 45 za barabara kati ya Rumonge na Gitaza, pamoja na ile ya Kabingo hadi Manyovu upande wa Tanzania. Barabara ni neema, hakuna ubishi. Lakini kibarua wa barabara popote pale analipwa siku aliyoshika koleo. Mvua ikinyesha, hakuna siku. Mlima ukiporomoka, kama ulivyoporomoka juu ya vijiji vya eneo letu la Muhuta mwaka 2015, hakuna wiki. Simenti ikichelewa, hakuna mwezi. Na katika muda huo wote anahesabiwa kuwa ana kazi, na watu wanamwonea wivu.

Najua majibu wanayoniandalia. La kwanza ni fedha. Serikali haina. Nami nauliza: ushuru wa samaki unaokusanywa katika kila pwani ya kupakulia unakwenda wapi? Leseni je? Faini za nyavu haramu je? Sisemi zinaliwa, nasema hazirudi majini wala kwa watu wa majini. Tenga sehemu ya ushuru huo katika miezi minono, ongeza mchango mdogo wa mwenye chombo kwa kila msimu, na wale wafadhili wanaolipia warsha za ziwa hotelini Bujumbura waombwe kuhamisha bajeti ya chai. Wanaotaka ziwa lipone ni wengi, wako hadi Ulaya. Wachangie wagonjwa wanaomezeshwa dawa.

La pili ni udanganyifu. Kila mtu atajifanya mvuvi. Ni kweli, na Brazil wenyewe wamehangaika miaka mingi na wavuvi wa karatasi ambao hawajawahi kunusa samaki. Ila Gitaza si Brazil. Hapa kila mtu anajua nani hushuka pwani na nani hulala. Bandika orodha ukutani pale watu wanapopakulia, isomwe kwa sauti mbele ya kamati ya pwani, mbele ya wanawake wa chanja, siku ya soko. Mwongo atakayethubutu kusimama hapo hajazaliwa. Udanganyifu ninaouogopa mimi ni wa orodha itakayoandikwa ofisini mlango ukiwa umefungwa.

La tatu ni uvivu. Eti watu wakilipwa kukaa watapenda kukaa. Anayelisema hilo hajawahi kukesha juu ya maji akivuta wavu kwa mikono iliyochubuka, kisha alfajiri akaambiwa fungu lake ni bakuli la ndagala. Sina la kumjibu zaidi.

Lakini kuna mtego mmoja ambao hata wapenda haki wataingia wakicheka. Watasema: sawa, tulipe, tufuate mfano wa Brazil, tulipe kima cha chini cha mshahara. Jamani! Kima cha chini cha Burundi kiliwekwa mwaka 1988: faranga 160 kwa siku Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwa siku kwingineko. Zaidi ya miaka thelathini baadaye vyama vya wafanyakazi vilikuwa bado vinakililia kiamke. Ukimpa mvuvi wa Gitaza faranga 105 kwa siku, fedha ya kwenda kuichukua itazidi fedha yenyewe. Kwa hiyo asije mtu na asilimia ya kima cha chini. Kipimo kiwe ni siku zilizopotea, zihesabiwe kwa bei ya kilo za unga na maharage sokoni wiki ile tangazo linapotoka. Aliyezuiwa siku zote alipwe siku zote. Aliyegawana zamu na mwenzake kwa sababu ya amri au uhaba usio na mkono wake, alipwe zamu alizokosa. Hapo kugawana kazi hakutakuwa tena njia ya kugawana njaa.

Ninachodai si kikubwa kuliko ziwa lenyewe. Mamlaka ya Ziwa iko Bujumbura, INSS iko Bujumbura, wizara ziko karibu. Wote hao wanaweza kukutana kabla chai haijapoa. Tangazo lijalo la kufunga uvuvi, litoke nchi gani kati ya hizi nne, liwe na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wanaujua: tarehe, vyombo vilivyokatazwa, faini, askari wa majini. Ukurasa wa pili uandike kiasi cha fedha kwa kila siku ya kufungwa, pwani fedha hiyo itakapolipwa, siku ya malipo ya kwanza, na orodha ya majina, wanawake wa chanja wakiwemo. Tangazo likija na ukurasa mmoja, kamati za pwani zilirudishe lilikotoka, likamaliziwe kuandikwa.